Roketi za Shaba

Kila kampuni ikishafikisha umri fulani hujiandikia orodha ya hatua zake. Mwaka huu tulianzishwa, mwaka ule tulijenga jengo letu wenyewe, mwaka uliofuata tukapata mteja wa kwanza kutoka nje. Orodha hizo zinafanana na nasaba za koo: waliofanikiwa hutajwa kwa majina, na watoto waliokufa wachanga hurukwa. Nimesoma kadhaa katika miaka ya karibuni, hasa za makampuni ya watu binafsi yanayorusha roketi na kupeleka setilaiti angani, na sababu ya kuzisoma nitaieleza baadaye. Lakini iliyonikaa moyoni kuliko zote ni habari ya kampuni ambayo haikuwahi kupeleka angani setilaiti hata moja, na ambayo ilijaribu kukulia katika nchi ya wajomba zangu.

Kampuni hiyo iliitwa OTRAG. Ilianzishwa mwaka 1975 katika iliyokuwa Ujerumani Magharibi, na mwanzilishi wake alikuwa mhandisi Lutz Kayser. Siku hizo roketi zilikuwa mali ya serikali. Wamarekani walikuwa nazo, Wasovyeti walikuwa nazo, na nchi nyingine chache zilikuwa zinajikongoja nyuma yao. Kwamba watu binafsi wangechanga fedha, waunde roketi, kisha wawatoze wengine nauli ya kupandisha setilaiti zao kama mwenye lori anavyotoza nauli ya magunia, hilo lilikuwa jambo geni kabisa. OTRAG ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kulijaribu.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma, karakana yetu iko Kigoma, na mtu wa kazi yangu hawezi kusoma jinsi roketi ile ilivyoundwa bila kutabasamu. Roketi nyingi kubwa hutumia pampu zinazozunguka kwa kasi ya kutisha ili kusukuma mafuta ndani ya injini, na pampu hizo ndizo zinazokula fedha na kuwanyima wahandisi usingizi. Kayser aliziondoa. Alichukua bomba la chuma lenye kipenyo cha sentimita 27, la namna inayoweza kutengenezwa kiwandani kwa wingi. Ndani yake aliweka mafuta ya taa sehemu moja na tindikali ya nitriki sehemu nyingine, akaacha kiasi cha theluthi moja ya nafasi, na humo akashindilia hewa. Hewa ndiyo iliyosukuma. Vali za kufungulia zilizungushwa na mota ndogo za umeme, zile zile zinazoendesha waipa za vioo vya magari. Ukitaka nguvu zaidi, unafunga mabomba mengi pamoja kama mtu anayefunga mzigo wa kuni: manne kwa majaribio, mamia kwa setilaiti nzito. Ukitaka roketi igeuke, unapunguza moto wa upande mmoja.

Roketi ya namna hiyo ina uzito mwingi wa chuma, na kadiri mafuta yanavyopungua ndivyo hewa inavyotanuka na kulegea, hata msukumo nao ukapungua. Kayser alilijua hilo. Hesabu yake ilikuwa kwamba chuma ni rahisi, na kitu rahisi kikitengenezwa mara elfu kinazidi kuwa rahisi. Mpaka leo kuna wahandisi wanaoitazama hesabu hiyo kwa heshima. Mwenyekiti wa bodi yake alikuwa Kurt Debus, ambaye kabla ya hapo aliongoza kituo cha Kennedy kule Florida, kituo kilichowarusha watu waliokwenda mwezini. Mzee kama huyo hakai katika bodi ya watu wanaocheza.

Fedha zilitoka kwa mamia ya wawekezaji wa Kijerumani, na hapa pana jambo ambalo msomaji asilipite haraka. Sheria ya kodi ya Ujerumani Magharibi ya wakati ule ilimruhusu mwenye kipato kikubwa kuikata hasara ya mradi wa namna hiyo katika kodi yake. Kwa maneno mengine, mwenye hisa aliweza kufaidika hata kampuni isipouza kitu. Sisemi kwamba Kayser mwenyewe hakutaka kufika angani. Kila nilichosoma kinaonyesha kwamba alitaka sana. Nasema tu kwamba kampuni ambayo wenyewe hawaumii sana ikipata hasara ni tofauti na kampuni ambayo mteja yupo mlangoni anadai mzigo wake.

Basi walihitaji mahali pa kurushia. Ujerumani imejaa watu, na tangu vita kuu ya pili majirani zake hawakuwa na hamu ya kusikia neno roketi likitoka kinywani mwa Mjerumani. Hali kadhalika, anayetaka kupeleka setilaiti ya mawasiliano kule juu, kilomita kama 36,000, ananufaika akiwa karibu na ikweta, kwani dunia yenyewe inavyozunguka humsukuma kuelekea mashariki kwa kasi ya mita 460 hivi kila sekunde, bure. Rais Mobutu wa Zaire akawapa mahali. Akawapa, kwa mkataba wa kufika mwaka 2000, eneo la kilomita za mraba zipatazo 100,000 kaskazini mwa Shaba, jina alilokuwa ameipa Katanga. Ukichukua Rwanda na Burundi ukaziunganisha, kisha ukazidisha karibu mara mbili, ndipo unapata ukubwa wake. Waliousoma mkataba huo na kuupinga walisema kwamba kampuni imepewa mamlaka yanayokaribia yale ya serikali.

Kituo chenyewe kilijengwa mahali panapoitwa Kapani Tonneo, ukingoni mwa uwanda wa juu unaotazama bonde la mto Luvua. Mji unaofahamika wa upande huo ni Manono, uliojulikana zamani kwa bati na siku hizi kwa lithiamu. Tangu mwaka 2015 yote hayo yamo katika jimbo la Tanganyika, ambalo makao yake makuu ni Kalemie. Mama yangu alizaliwa Moba, katika jimbo hilo hilo, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya huko mpaka alipofariki. Kwetu Shaba haikuwa ugenini. Nilipokuwa kijana, waliovuka ziwa na dagaa na vitenge walikuja pia na habari, na moja ya habari hizo ilikuwa kwamba Wazungu wameweka mlimani chuma kinachotema moto na kupaa. Wengine walisema ni bomu. Bibi yangu alisema watu wakikosa vita vya kutosha huvitafuta na mawinguni.

Na msomaji atazame ramani. Kitu kikirushwa kuelekea mashariki kutoka Kapani Tonneo, kinavuka Ziwa Tanganyika na kupita juu ya Rukwa. Yaani kampuni ingekua kama ilivyopanga, mabomba yaliyokwisha mafuta yangekuwa yakipita juu ya vichwa vyetu Watanzania. Sikumbuki kusikia hilo likisemwa na mtu yeyote wakati ule.

Walijenga uwanja wa ndege juu ya uwanda, wakawa wanaleta vifaa kwa ndege ya mizigo kutoka Ujerumani. Roketi ya kwanza ilirushwa tarehe 17 Mei 1977, mabomba manne yaliyofungwa pamoja, ikapaa vizuri. Katika orodha ya hatua za kampuni hiyo ndiyo herufi ya dhahabu: roketi ya kwanza ya watu binafsi, kutoka ardhi ya Afrika. Lakini Machi mwaka ule ule waasi waliokuwa Angola walikuwa wameivamia Shaba, na Mobutu aliokolewa na askari wa Morocco. Mwaka uliofuata walirudi. Tarehe 13 Mei 1978 waliingia Kolwezi, kusini mwa jimbo, na tarehe 19 askari wa miavuli wa Ufaransa wakaangushwa kuwatoa. Roketi ya pili ya OTRAG ilirushwa tarehe 20 Mei, siku moja baadaye. Nimezirudia tarehe hizi mara nyingi. Kusini mwa jimbo watu wanazikwa, na kaskazini mafundi wanahesabu sekunde kinyumenyume.

Roketi ya tatu ilikuwa ya mgeni rasmi. Tarehe 5 Juni 1978 Mobutu mwenyewe alikuja kutazama. Ilipaa kidogo, ikainama, ikaenda kuangukia bondeni. Kwa fundi hilo si jambo la ajabu hata kidogo. Kifaa kipya huharibika, na hupenda kuharibika siku ambayo mkubwa amekuja. Kilichotakiwa ni kutafuta ubovu na kurusha nyingine. Lakini nje ya karakana mambo mengine yalikuwa yakiendelea. Umoja wa Kisovyeti ulidai hadharani kwamba hayo ni makombora ya vita. Angola haikupendezwa. Ufaransa ilikuwa inaunda roketi yake pamoja na wenzake wa Ulaya, ile Ariane iliyopaa mara ya kwanza tarehe 24 Desemba 1979 kutoka Kourou, nayo haikuwa na sababu ya kumpenda mshindani. Serikali ya Ujerumani Magharibi yenyewe iliona aibu. Mobutu aliyekuwa akihitaji marafiki wote alioweza kuwapata alipima, na mwaka 1979 akawaambia waondoke. Ardhi kubwa kuliko nchi mbili, iliyotolewa mpaka mwaka 2000, ikachukuliwa na mdomo ule ule ulioitoa.

Wakaenda Libya. Kutoka chini ya mti mmoja mkubwa wakaenda chini ya mwingine. Walirusha kutoka jangwani karibu na Sabha mwaka 1981, lakini kumfuata Kanali Gaddafi kuliongeza shaka badala ya kuipunguza. Debus alikwisha kuondoka, Kayser akatolewa katika uongozi, na vifaa vilivyobaki kule vikaishia mikononi mwa wenyeji. Mwaka 1983 kampuni ilirusha mara moja kutoka kaskazini mwa Sweden. Haikufika katikati ya muongo ule mwisho wake ukawa umeonekana.

Sasa niseme kwa nini nilizisoma habari hizi. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ndiye anayeendesha karakana tangu macho yangu yalipochoka na moto. Amefika mbali kuliko mimi. Tunatengeneza mageti, matela, mashine za kusaga, madawati ya shule. Anataka kuisajili kuwa kampuni na kuomba mkopo wa kununua mashine ya kukunja mabati, na benki ikamtaka aandike historia fupi ya biashara pamoja na hatua za maendeleo yake. Kijana akaingia katika simu yake, akanikuta uani na habari za kampuni ya Marekani inayoitwa SpaceX. “Mjomba,” akaniambia, “hawa nao walianza na karakana.” Akanisomea. Mimi nikapendezwa, nikataka nyingine, na katika kutafuta nyingine ndipo nikakutana na jina la Shaba.

SpaceX nayo ina mambo ya kumfurahisha fundi. Ilianzishwa mwaka 2002. Ilitaka kurushia California, katika kituo cha jeshi, ikaambiwa isubiri kwa sababu jirani yake kwenye kituo alikuwa na roketi ya serikali yenye mzigo wa thamani. Ikahamia Omelek, kisiwa kidogo katika visiwa vya Marshall, bahari ya Pasifiki. Tarehe 24 Machi 2006 roketi yake ya kwanza iliwaka moto kwa ajili ya nati ndogo ya bomba la mafuta iliyoliwa na chumvi ya bahari. Roketi iliangukia kwenye miamba, na setilaiti iliyokuwa juu yake ilirudi ikatoboa bati la karakana yao wenyewe. Mpwa wangu alicheka mpaka akashika ukuta. Ya pili, Machi 2007, haikufika. Ya tatu, Agosti 2008, kipande cha chini kilikigonga cha juu baada ya kuachana. Ya nne, tarehe 28 Septemba 2008, ilifika na kuzunguka dunia. Ilikuwa imebeba uzito tu, si setilaiti. Desemba mwaka huo shirika la anga la Marekani likawapa mkataba wa safari 12 za mizigo kwa dola bilioni 1.6, na Julai 2009 wakapeleka setilaiti ya Malaysia, ya kwanza ya mteja wa biashara. Mengine yanajulikana: mwaka 2015 walirudisha kipande cha roketi kikasimama ardhini kwa miguu yake, mwaka 2017 wakakirusha tena kilichokwisha kutumika, na mwaka 2019 wakaanza kupeleka setilaiti zao wenyewe za intaneti, 60 kwa mkupuo mmoja, hata ikawa mteja mkubwa wa roketi zao ni wao wenyewe. Setilaiti ya Wakenya, Taifa-1, ilipanda nao Aprili 2023.

Tofauti kati ya hizi mbili wengi huiona katika injini. Mimi siioni huko. Kayser alikuwa na wazo zuri, na roketi moja iliyoanguka mbele ya rais si zaidi ya tatu zilizoanguka Pasifiki. SpaceX nayo ilisukumwa kutoka mahali ilipopataka. Lakini kisiwa ilichokwenda kilikuwa ndani ya uwanja wa majaribio wa jeshi la Marekani, wenye sheria, ada na maofisa wanaobadilishwa bila ruhusa kubadilika, na fedha iliyowaokoa ilitoka kwa mteja mwenye mizigo ya kupeleka. OTRAG ilikuwa na mabomba, na ilikuwa na rafiki mmoja. Nikiangalia orodha yake, naona kwamba hatua zake za kweli hazikuwa zile za kupaa. Zilikuwa zile za kufungasha: Zaire, Libya, Sweden. Na watu wa bonde la Luvua, ambao nchi yao ilitolewa ikarudishwa bila wao kuulizwa katika kutoa wala katika kurudisha, hawamo katika orodha ya hatua ya mtu yeyote.

Kuna jambo moja la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Kayser alifariki Novemba 2017. Alikuwa amehamia katika kisiwa kidogo, na kisiwa hicho kimo katika visiwa vya Marshall, nchi ile ile ambako wenzake wa Marekani walifanikiwa mwaka 2008.

Mpwa wangu aliponiletea karatasi aliyoiandikia benki, ilikuwa safi. 1984, karakana yaanzishwa. 1993, jenereta ya kwanza. 2004, zabuni ya kwanza ya madawati. 2016, wafanyakazi kumi. Nikamwambia imepungukiwa na mambo matatu. Mwaka 1989 tulihama chini ya mwembe wa kwanza kwa sababu mwenye kiwanja aliuza. Tukapokewa na mtu mkubwa wa wakati huo, aliyetuonyesha uwanja kwa mkono akasema jengeni vijana wangu. Alipofariki mwaka 1998 warithi walitupa siku saba, na jenereta ililala nje ya mvua ya masika nzima. Mara ya tatu ilikuwa upanuzi wa barabara. Kila mara tulipoteza wateja ambao hawakujua tumekwenda wapi, na kila mara fundi mmoja mzuri hakutufuata.

Hayo hayakuwa mambo ya kale tu. Wiki ile ile mfanyabiashara mmoja anayeheshimika mjini alikuwa amempa mpwa wangu kiwanja karibu na bandari, akitumie bure, makaratasi yatafuata. Mahali pazuri mno. Wateja wangekuja wenyewe. Kijana alikuwa ameshapima pa kuweka mashine.

“Mjomba, mzee yule ni mtu wa heshima. Neno lake ni hati.”

Nikamwambia simtilii shaka hata chembe, ila ningependa kujua watoto wake wanasemaje. Hakujibu. Nikampa habari za Shaba, zote, na za yule mzee aliyetuonyesha uwanja kwa mkono, ambaye yeye alimjua akiwa mtoto wa kubeba chai ya mafundi. Tulikaa mpaka isha.

Siku chache baadaye alikwenda kumshukuru mfanyabiashara yule kwa adabu, akachukua fedha tulizoweka kwa ajili ya malipo ya awali ya mashine, akanunua kiwanja Gungu. Ni kidogo, kina mteremko, na mteja wa bandarini inambidi apande pikipiki kukifikia. Mafundi wawili wamekwisha kusema kwamba ni mbali na makwao. Mashine imesogea mbele mwaka mzima, pengine miwili, na mimi si mtu wa kusema kwa hakika kwamba nitaiona ikifanya kazi.

Katika karatasi ya benki ameongeza mistari mitatu, 1989, 1998 na ule wa barabara, na kila mmoja ameandika tu: tulihama. Afisa wa mikopo alimwuliza kwa nini ameyaweka mambo kama hayo katika hatua za maendeleo, kwani hupunguza sura ya mwombaji. Kijana akamweleza, akamwekea mezani na stakabadhi ya kiwanja. Afisa aliigeuza upande wa pili, akaiangalia, akasema hati yenyewe ikitoka aje nayo.